Mwezi Upo, Haujaandama

Jioni ya tarehe 29 Shaaban tulipanda juu ya paa la jengo letu, hatua chache kutoka Second Avenue, Eastleigh, mtaa tunaouita Isili, kutafuta mwezi wa Ramadhani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama upande wa mjini, na wingu jembamba lilikuwa limetanda palepale tulipotaka kuona. Mvulana wa miaka kumi hivi alikuwa na simu mkononi.

"Awowe, simu inasema mwezi iko. Mbona hatuioni?"

Mzee aliyeitwa Awowe, yaani babu kwa Kisomali, hakuondoa macho angani. "Iko, lakini haijaandama."

Maneno matatu, kwa ngeli za Isili, na usiku ule sikulala kabla ya kufungua kamusi.

Kuandama ni kufuata, na kweli hilali ya jioni hulifuata jua linapotua. Wanafalaki nao wana mwezi mpya wao: ni ile nukta ambapo jua na mwezi hukaa upande mmoja wa anga, na dakika yake hupigiwa hesabu miaka mingi kabla haijafika. Lakini mwezi huo mpya hauonekani. Uso wake wenye mwanga umelielekea jua, sisi umetupa kisogo. Hupita saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi, ndipo jicho liambulie kile kiuzi cheupe. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alieleza kwamba hilali ikiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hakuna cha kuonekana. Hapo ukali wa macho hausaidii.

Kwa hiyo mtunga istilahi anayeandika kwamba mwezi mpya ndio huohuo mwezi mwandamo amefuta mpaka ambao mzee wa juu ya paa aliulinda. Mmoja upo. Mwingine umetufikia. Ubishi wa kila mwaka, baadhi ya Waislamu wa Kenya wakimsubiri Kadhi Mkuu na wengine wakifuata tangazo la Saudia, kwa sehemu kubwa ni ubishi wa kuamua ni kufika kwa nani kunakohesabiwa.

Neno istilahi lenyewe limetoka katika shina moja la Kiarabu na suluhu na maslahi. Istilahi ni neno ambalo watu wamepatana juu yake, na mtaa huu huishi kwa mapatano ya namna hiyo. Msomali ambaye hajaelewa husema "ma fahmin", na mnunuzi aliyetoka Majengo ya Pumwani, ambaye hajui Kisomali, hulisikia fahamu lake ndani ya neno lile. Garissa Lodge, nyumba ya wageni iliyogeuka maduka, muuzaji wa vitambaa hukuuliza, "Umeshika?" Ana maana ya bei, lakini wakati huohuo kitambaa kiko kati ya vidole vyako. Kuelewa kwa mkono! Halafu lipo elewa lenyewe. Jambo likishakuelea, umelielewa. Kamusi hutenga elea la majini na elea la akilini, na huenda zina haki, ila mimi kila nikilisikia la pili huliona la kwanza: kitu kimepanda juu ya maji, na chini yake maji yangali na kina.

Cha kule chini tukiiteje? Siri haifai, maana siri ina mwenyewe aliyeificha. Fumbo nalo lina mfumbaji, na jibu analo. Ninalolipenda ni ghaibu: kisichohudhuria mbele ya macho. Halina mshtakiwa. Lina undugu na kughibu, kusoma kwa moyo, kama watoto wa dugsi, madrasa ya Kisomali, wanavyosoma kitabu kikiwa kimefungwa. Kitu kinaweza kuwa mbali na macho na bado mtu akaendelea kushughulika nacho kwa ulimi na kwa akili.

Ila anayeshughulika nacho tunamwonea. Angalia majina tuliyomzungushia mwenye kutaka kujua: mdaku, mbea, mpekuzi, kimbelembele. Mjuzi husifiwa, mjuaji husimangwa, na shina ni moja. Tunaambiwa pia kwamba ukimchunguza sana bata hutamla. Udadisi, ambalo ndilo neno lililobaki kwa hamu safi ya kujua, nalo limeingia masizi. Isili najua yalikotoka baadhi ya masizi hayo. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, polisi waliingia nyumba kwa nyumba hapa, wakakamata maelfu ya watu, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani ili uraia wao uhakikiwe. Baada ya hapo, mtu anayeuliza "umetoka wapi, unakaa na nani" hadhaniwi mdadisi. Ni mpelelezi. Mama hufunga mlango na kuwafundisha wanawe kwamba hawajui kitu. Siwezi kumlaumu. Lakini "sijui" ya kujikinga si "sijui" ya yule mvulana aliyekodolea wingu, na inaniuma kwamba lugha imeziacha zivae nguo moja. Mtoto anayeuliza habari za mwezi anastahili neno lisilonuka kituo cha polisi. Nalitetea udadisi, na nitaendelea kulitumia mbele ya watoto kama neno la heshima mpaka lizoeleke hivyo.

Na mahali udadisi unapokoma, Kiswahili kina upeo. Upeo wa macho ni pale mbingu inapoonekana kugusa ardhi, mwisho wa kuona. Lakini mtu tukimsifu husema ana upeo mpana. Mwisho wa kuona na ukubwa wa kuona vimepewa neno moja, na ukipanda ghorofa tano kama tulivyopanda sisi, vyote viwili husogea pamoja.

Giza liliingia. Mtu mmoja aliweka redio ukutani: mwezi haukuonekana, Shaaban itatimiza siku 30. Watu wakaanza kushuka ngazi. Mvulana alibaki, simu imezima mfukoni.

"Awowe, kesho itakuwa wapi?"

Mzee alinyoosha mkono juu ya lile wingu, akapandisha kidole kidogo.

"Hapa."