Kupakua si kutiririsha

Watangazaji wetu hupenda kusema kuwa mechi 'inapeperushwa mubashara' hata inapotazamwa kwenye simu. Mubashara sina ugomvi nalo. Tulilichukua kwa Waarabu likiwa na maana ya moja kwa moja. Linalonitatiza ni kupeperusha. Hupeperushwa bendera, makapi na, tukiwa wakarimu, mawimbi ya redio. Je, video ya intaneti?

Mwanzoni, mwenye kutaka video ya mtandaoni aliipakua. Kitenzi hiki cha jikoni na bandarini kilifaa mno: faili nzima ilishuka kwanza, pengine kwa saa nzima, ndipo ikachezwa. Nani hula kabla chakula hakijatoka chunguni?

Juni 24, 1993, bendi ya Severe Tire Damage, ambayo wanamuziki wake walikuwa wataalamu wa kompyuta, ilitumbuiza katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California. Picha zilikuwa ndogo na za kusitasita, lakini zilionekana papo hapo hadi Australia. Aprili 1995 ikaja RealAudio, programu ya kampuni ya Progressive Networks ya Seattle, na mtu wa kawaida akaweza kusikiliza sauti huku data ikiendelea kuingia.

Siri yake ni bafa. Hebu liwazie kama hodhi dogo ndani ya kompyuta: data huingia huku, nyingine ikitoka kule kuchezwa. Hodhi likikauka, picha hukwama na kile kiduara cha kuudhi huanza kuzunguka. Data ikishatumika hutupwa. Huku ndiko kutiririsha, na kitenzi chenyewe kinajieleza.

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea setilaiti, kwa hivyo mtetezi wa kupeperusha angekuwa na hoja. Sasa je? (Najua, kutoka mnarani hadi simuni bado ni hewani.)

Tofauti hii ina bei. Mwanafunzi anayetiririsha somo lile lile mara tatu kwa kawaida hula bando mara tatu; mwenzake aliyelipakua alilipia mara moja tu, na atalirudia hata mtandao ukipotea. Sasa mwekee vitufe viwili, vyote vimeandikwa 'tazama', halafu umuulize mbona bando limeisha.