Mifumo Isomane na Ielewane: Umuhimu wa Maana Moja ya Taarifa katika Huduma za Umma na Biashara

Agizo la kutaka mifumo ya taasisi za umma isomane limetolewa mara nyingi na viongozi wa Serikali. Lengo lake ni kumwondolea mwananchi usumbufu wa kupeleka taarifa ileile katika ofisi moja baada ya nyingine. Hata hivyo, mifumo miwili inaweza kusomana bila kuelewana. Taarifa hutumwa na kupokelewa bila hitilafu yoyote ya mtandao, lakini jina, tarehe au kiasi kilichotumwa kikachukuliwa kwa maana tofauti na ile iliyokusudiwa. Athari zake humfikia mwananchi: ombi la mkopo wa elimu ya juu hukwama, usajili wa kampuni hurudishwa na mafao ya mstaafu huchelewa.

Kusomana na kuelewana

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye jukumu la kusimamia viwango vya TEHAMA katika taasisi za umma. Mamlaka hiyo imejenga GovESB, mfumo unaowezesha mifumo ya taasisi mbalimbali kubadilishana taarifa kupitia njia moja ya pamoja, badala ya kila taasisi kujiunganisha na nyingine kivyake. Njia hiyo hutatua suala la usafirishaji wa taarifa. Suala la maana ya taarifa hubaki mikononi mwa taasisi zinazotuma na zinazopokea.

Mfano mmoja ni swali linaloonekana jepesi: biashara fulani ilianza lini? Kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), tarehe ya msingi ni ile ya kusajiliwa kwa kampuni au jina la biashara. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina tarehe ya kumsajili mlipakodi. Halmashauri inayo tarehe ya kutoa leseni, na mhasibu wa biashara huhesabu tangu mauzo ya kwanza. Tarehe zote nne ni sahihi. Tatizo huanza pale zinapohifadhiwa katika mifumo tofauti chini ya jina moja la “tarehe ya kuanza”. Mtu aliyesajili kampuni Januari na kufungua duka Septemba anaweza kuonekana, mbele ya benki anayoiomba mkopo, kuwa alikaa miezi minane bila kuuza chochote.

Maeneo yanayoleta utata

*Majina na utambulisho.* Mohamed, Mohamedi na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja au watu watatu. Jina lililoandikwa katika cheti cha kuzaliwa likitofautiana na lile la cheti cha shule au la kitambulisho cha Taifa, mfumo hauna namna ya kukisia. Ndiyo sababu utambulisho hutegemea namba: namba ya utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na namba ya mlipakodi (TIN) ina tarakimu 9. Namba hupunguza utata, lakini jina lililokosewa wakati wa usajili huendelea kusafiri na namba hiyo hadi lirekebishwe.

*Tarehe na saa.* Tarehe 03/04/2024 ni Aprili 3 kwa Mtanzania, na ni Machi 4 kwa programu iliyotengenezwa kwa mazoea ya Marekani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 huondoa utata huo kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Saa nazo zinahitaji uangalifu. Mwananchi aliyeambiwa afike saa 2:00 asubuhi anatarajiwa saa ambayo mfumo wa kompyuta huiandika 08:00. Vilevile, “mwaka 2024” si kipindi kimoja kwa wote, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, ilhali biashara nyingi hufunga hesabu Desemba 31.

*Vipimo.* Takwimu ya “magunia 500 ya viazi” haina maana kamili mpaka uzito wa gunia ujulikane. Mkulima aliyefungasha lumbesa na mnunuzi anayehesabu gunia la kilo 100 wanaweza kuandika idadi ileile ya magunia huku mzigo ukizidi kwa kilo nyingi ambazo mkulima hakulipwa. Kilo huondoa utata huo.

Utata wa vipimo haubagui kiwango cha teknolojia. Septemba 23, 1999, Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na iliyozipokea ilizichukua kuwa za mfumo wa metriki. Tarakimu zilifika zilivyotumwa, lakini kipimo chake hakikueleweka kwa namna moja.

*Fedha.* Kwa kiwango cha asilimia 18 cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, bidhaa ya Shilingi 100,000 huuzwa kwa Shilingi 118,000. Idara ya mauzo ikiripoti kiasi cha pili na idara ya uhasibu ikiripoti cha kwanza, menejimenti itaona pengo ambalo halipo.

Hatua za kuleta maana moja

Taasisi au kampuni inayotaka mifumo yake ielewane huanza kwa kuandaa kamusi ya taarifa. Kamusi hiyo hueleza, kwa kila taarifa, mambo yafuatayo:

- jina rasmi la taarifa na maana yake kwa lugha nyepesi;
- muundo wake, kama vile idadi ya tarakimu, mpangilio wa tarehe au kipimo kinachotumika;
- rejesta ambayo ndiyo chanzo chake rasmi;
- ofisi yenye mamlaka ya kuisahihisha, na
- tarehe ambayo maana hiyo ilianza kutumika.

Kipengele cha mwisho husahaulika mara kwa mara, nacho kina uzito mkubwa pale taasisi zinapounganishwa. Mwaka 2018, mifuko minne ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanza kazi Agosti 1 mwaka huo. Katika muunganiko wa aina hiyo, dhana kama “kipindi cha kuchangia” hupaswa kuwa na tafsiri moja kwa kumbukumbu mpya na za zamani, kwa kuwa juu yake ndipo hukokotolewa pensheni ya mtu aliyetumikia umma kwa miongo kadhaa.

Kazi hiyo haipaswi kuachiwa wataalamu wa TEHAMA peke yao. Mtaalamu anaweza kuunganisha mifumo, lakini maana ya “mwanachama”, “mteja” au “mauzo” huijua zaidi ofisa anayetoa huduma, mhasibu na mwanasheria. Wote hao wanapaswa kukubaliana kabla ya mifumo kuunganishwa.

Nafasi ya mwananchi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kufikia taarifa zake zinazohifadhiwa na taasisi na kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Mwananchi anashauriwa kulinganisha mapema majina na tarehe ya kuzaliwa katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya elimu, kitambulisho cha Taifa na kumbukumbu za mwajiri. Tofauti ya herufi moja hurekebishwa kwa utulivu zaidi kabla ya siku ya kuomba mkopo, kusajili kampuni au kudai mafao.