"Nataka Kufa": Lugha na Haki katika Kesi ya Kitosh, Nakuru, 1923

1. Utangulizi

Mtu asimamapo kwenye miinuko ya Dundori, kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, huliona Bonde la Ufa limetanda chini yake: Lanet na mji wenyewe, ziwa Nakuru, na kusini zaidi ziwa Elmenteita. Ng'ambo ya bonde, upande wa magharibi, ndiko iliko Molo, katika miinuko ya Mau. Wakati wa ukoloni sehemu hizi zote zilihesabiwa kuwa nyanda za wazungu, na mashauri mazito ya jinai yaliyotokea humo yaliamuliwa Nakuru. Kwa hiyo mkaazi wa Dundori akitaka kujua historia ya haki katika pembe yake ya nchi, hana budi kuteremka kwanza hadi kwenye korti hiyo.

Katika vijiji na vituo vidogo vya biashara vya sehemu hizi, malalamiko kuhusu haki hufuata mkondo mmoja: kwamba makosa yanafanana lakini adhabu hazifanani. Jambo hili limezungumzwa sana na wanahistoria na wanasheria. Wataalamu wa lugha hawajalizungumza vya kutosha, ingawa shauri la jinai huanza na kuisha kwa maneno. Makala haya yanajaribu kuonyesha, kwa mfano wa kesi moja tu, jinsi sentensi fupi ya mtu anayekufa ilivyoweza kugeuzwa kuwa utetezi wa aliyempiga. Kesi yenyewe ni ile ya Kitosh, iliyosikizwa Nakuru mwaka 1923.

2. Mizani ya sheria

Kabla ya kuitazama kesi hiyo, yafaa tukumbuke hali ya sheria ilivyokuwa. Tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hadi mwaka 1930, jinai katika Kenya ilihukumiwa kwa Sheria ya Adhabu iliyotungwa kwa ajili ya Bara Hindi. Lakini namna ya kusikiliza kesi haikuwa moja kwa watu wote. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana, na wanajopo wote walikuwa wazungu. Mwafrika hakuwa na haki hiyo. Yeye alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao jaji hakulazimika kuufuata ushauri wao.

Sheria zenyewe pia zilielemea upande mmoja. Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la mtu mmoja. Mfanyakazi aliyeliacha shamba la tajiri wake kabla ya muda wa mkataba kwisha alikuwa ametenda jinai. Na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kipande kiliwawezesha maafisa kumsaka na kumrudisha popote alipokimbilia. Hivyo basi neno "kosa", ambalo katika Kiswahili hubeba maana kuanzia kuteleza kidogo hadi jinai kubwa, lilikuwa katika mashamba ya settla neno pana mno. Kuchelewa kazini lilikuwa kosa. Kumjibu bwana lilikuwa kosa. Na mara nyingi aliyeamua kwamba kosa limetendeka, akatoa na adhabu yake kwa kiboko, alikuwa mtu yule yule mmoja.

Mfano wa mizani hii ulikwisha kuonekana huko Elmenteita mwaka 1911. Settla Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere, alimpiga risasi na kumwua Mwafrika aliyemshuku kuhusika na wizi wa kondoo. Juri ya wazungu ilimwachilia. Serikali, kwa kuona aibu, ilimfukuza nchini bila ya hukumu ya korti. Baadaye alirudi, akafia na kuzikwa kwenye shamba lake. Waswahili husema kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Hapa msemo huo ulikuwa ndio utaratibu wenyewe wa mahakama.

3. Kesi ya Kitosh

Kitosh alikuwa kijana mfanyakazi katika shamba la settla Jasper Abraham, karibu na Molo. Hata jina lake lahitaji maelezo. "Kitosh" ni jina ambalo maafisa wa kikoloni walikuwa wakiwaita Wabukusu, jina la kupewa na wengine ambalo Wabukusu wenyewe walilikataa. Yaelekea basi kwamba kijana huyu ameingia katika historia kwa jina la kabila lake, tena jina lisilokuwa la kabila hilo kwa hiari yao.

Kosa lake lilikuwa hili: alitumwa na farasi jike, akaamriwa amwongoze kwa mkono bila kumpanda. Akampanda. Kwa kosa hilo alichapwa vikali, kisha akafungwa kamba na kutiwa ghalani usiku. Usiku huo huo akafa.

Katika korti ya Nakuru daktari aliyeupasua mwili alisema kwamba kifo kilitokana na majeraha. Utetezi ulileta maoni mengine ya kitabibu. Ilitolewa habari kwamba Kitosh, akiwa amelala amefungwa, alisema kuwa anataka kufa. Madaktari wa upande wa utetezi wakadai kwamba hamu hii ya kufa ndiyo iliyokuwa na uzito katika kifo chake. Kwamba Mwafrika akishaamua kufa, hufa, na majeraha peke yake yasingemwua. Juri haikumwona Abraham na hatia ya kuua. Ilimwona na hatia ya kuumiza vibaya, naye akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo huo wa 1923, mwezi wa Julai, serikali ya Uingereza ilitoa tangazo lake mashuhuri lililosema kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Katika London hukumu ya Nakuru iliwaudhi maafisa wa Wizara ya Makoloni, na ikaingia miongoni mwa hoja zilizosababisha ile Sheria ya Bara Hindi iachwe mwaka 1930. Hata hivyo juri ya wazungu haikuguswa. Iliendelea hadi miaka ya mwisho ya ukoloni.

Kesi hii ingalisahauliwa na wengi kama isingalisimuliwa na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, katika kitabu chake Out of Africa kilichotoka mwaka 1937. Mwandishi wa makala haya alikisoma kwa mara ya kwanza alipokuwa mwanafunzi ng'ambo, katika darasa ambamo hapakuwa na msemaji mwingine wa Kiswahili. Blixen hakuificha aibu ya hukumu. Lakini aliikubali ile hamu ya kufa, akaisifu, akaiona kuwa ni uhuru wa kiumbe cha porini ambacho huondoka kitakapo na hakishikiki. Darasani jambo hili lilijadiliwa kama suala la falsafa. Hakuna aliyeuliza: maneno yenyewe yalikuwa yapi?

4. Maana mbili za kitenzi "taka"

Katika korti kuu ya koloni lugha ya kumbukumbu ilikuwa Kiingereza. Maneno ya Mwafrika yalimfikia jaji na juri baada ya kupita kwa mkalimani, na yaliyohifadhiwa ni yale ya mkalimani. Kwenye mashamba ya Molo, Njoro na Dundori, ambako walikutana wafanyakazi wa makabila mbalimbali na matajiri wa kizungu, lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili cha namna yake. Hebu basi tuitazame sentensi ile jinsi isemwavyo katika Kiswahili: "Nataka kufa."

Kila msemaji anajua kwamba kitenzi "taka" kina maana ya kuwa na haja au hamu: nataka maji, anataka kazi. Lakini kina maana ya pili, ya kukaribia kutendeka kwa jambo. Twasema: mvua inataka kunyesha; jua linataka kuzama; ukuta unataka kuanguka; taa inataka kuzimika. Mvua haina hamu wala ukuta hauna nia. Katika sentensi hizi "taka" imekuwa kama kitenzi kisaidizi cha wakati, nayo yaeleza kwamba tendo limekaribia. Maana hii haikomei kwenye vitu visivyo na uhai. Husemwa kwamba mgonjwa anataka kufa, na asemaye hivyo anawaita jamaa waje upesi. Hamshtaki mgonjwa kwa kujitakia kifo.

Kwa hiyo mtu aliyepigwa, akafungwa kamba na kuachwa ghalani, akisema "nataka kufa", maana iliyo karibu zaidi ni "ninakaribia kufa" au "nakufa". Hicho ni kilio cha kuomba msaada, tena ni ushahidi: aliyepigwa anaeleza kwamba kipigo kinamwua. Sentensi hiyo hiyo ikifasiriwa neno kwa neno hugeuka kuwa uamuzi wa moyo, na mwenye kuonewa akawa ndiye mtendaji wa kifo chake mwenyewe.

Yawezekana mtu akapinga kwamba juri ile ingalimwokoa Abraham kwa njia yoyote, na kwamba tafsiri njema isingaliibadili hukumu. Hatulikatai hilo, yaliyotokea mwaka 1911 yanalithibitisha. Lakini hoja hiyo haiondoi umuhimu wa swali letu. Juri ilihitaji sababu ya kuandikwa katika kumbukumbu, sababu itakayosikika kuwa ya kisayansi. Sababu hiyo ilipatikana kwa kuwa hapakuwa na mtu katika chumba kile mwenye cheo cha kusimama na kusema kwamba katika Kiswahili hata mvua hutaka. Waliokijua Kiswahili kwa ufasaha walikuwa mashahidi, askari na wakalimani, na hao hawakuulizwa maana. Waliulizwa maneno tu.

5. Mpaka wakati wetu

Huenda ikadhaniwa kwamba mambo haya yalizikwa pamoja na ukoloni. Hata hivyo mizani haikusawazika kwa uhuru peke yake. Mwaka 1973 sheria ya Kenya iliweka adhabu ya lazima ya kifo kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na maelezo ya kosa hilo yalikuwa mapana kiasi kwamba kuwa na mwenzako wakati wa kunyang'anya kulitosha, hata kama kilichochukuliwa kilikuwa kidogo. Na katika mwaka 2005, kwenye shamba la Soysambu huko Elmenteita, Thomas Cholmondeley, kitukuu cha yule Lord Delamere, alimpiga risasi na kumwua Samson ole Sisina, askari wa wanyama pori, akasema alimdhania jambazi. Mkuu wa Sheria aliiondoa kesi kabla haijasikizwa. Mwaka uliofuata Robert Njoya, mwashi, aliuawa kwa risasi katika shamba hilo hilo. Safari hii kesi ilisikizwa, na mwaka 2009 Cholmondeley akaonekana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane juu ya miaka kama mitatu aliyokuwa amekaa rumande.

Hatusemi kwamba kesi ya 2009 ni sawa na ile ya 1923. Jaji hakuwa wa rangi ya mshtakiwa, juri haikuwapo, na hakuna daktari aliyesema kwamba Njoya alitaka kufa. Lakini katika kesi zote mbili swali lililopunguza adhabu lilikuwa lile lile: je, muuaji alikusudia nini? Nia ya mwenye bunduki au kiboko ilichunguzwa kwa makini na kwa muda mrefu. Kusudi la maskini, kwa upande mwingine, mara nyingi huchukuliwa kutoka katika sentensi moja aliyoisema kituoni au kizimbani, ikaandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo hatari ilipo hata leo. Sheria ya Kenya inasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani mwenyewe aweza kuteleza. Dereva akisema, "Nilitaka kumgonga mtoto, nikakata kona," anaeleza kwamba nusura amgonge. Mwanamke akisema, "Alitaka kuniua," huenda anashuhudia nia, au huenda anaeleza ukali wa kipigo tu. Kijana akisema, "Nilitaka kumwua kwa ile hasira," anaweza kuwa anakiri jinai au anashukuru kwamba hakuitenda. Mwandishi wa kumbukumbu akiandika kila mara kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya hamu na nia, amekwisha kuamua nusu ya kesi kabla ya hakimu kusema neno.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba haki isiyo sawa haikutokana na sheria na majaji peke yao, bali pia na swali la nani anaaminiwa kuieleza maana ya maneno. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kamusi zetu na sarufi zetu hazina budi kuzieleza maana za vitenzi kama "taka" kwa ukamilifu na kwa mifano, maana mkalimani hana hoja mbele ya wakili ikiwa hana kitabu cha kuonyesha. Pili, idara zetu zinazowafundisha wanafunzi ambao baadhi yao huishia kuwa wakalimani wa mahakama hazina budi kuifundisha kazi hiyo kama taaluma, na kudai kwamba maneno ya shahidi yaandikwe katika lugha aliyoyasema kabla ya kufasiriwa.

Kitosh hakuacha maandishi. Maneno machache yanayosemwa kuwa yake yalimfikia msomaji kwa lugha ya waliomhukumu aliyempiga, na kwa miaka mingi yamesomwa kama wasia wa mtu aliyechoka na maisha. Sisi tunaokifundisha Kiswahili tunao wajibu wa kuyasoma upya, na kuwaambia wanafunzi wetu kwamba kijana yule yamkini alikuwa akiomba afunguliwe.