Kufunza Biashara ya Mitandaoni kwa Video: Niliyojifunza Dunga

Shemeji yangu anauza samaki Dunga, ufuo ulio kilomita chache kusini mwa mji wa Kisumu. Mwaka juzi alilipa shilingi 3,000 ili afuate masomo ya video ya kuuza bidhaa kwenye mitandao ya kijamii. Mwalimu alikuwa fundi wa maneno, mwenye taa nzuri nyuma yake na istilahi za Kiingereza tele mdomoni. Masomo kumi na mawili yalipokwisha, shemeji aliniletea simu akasema, "Shemeji, nimesikiliza yote. Sasa kesho asubuhi nikiamka nifanye nini?"

Swali hilo ndilo lililonitia katika kazi ya kutengeneza video za mafunzo kwa wauzaji wa huku ziwani. Naandika niliyoyaona kwa sababu ndugu zetu wa Pwani, anayeuza mahamri Kibokoni na anayeuza kamba Shimoni, wamo katika hali ile ile.

Kanuni ya kwanza ya biashara ya mitandaoni ni kumjua mnunuzi. Kila mwalimu huitaja, kisha huipita mbio. Lakini tazama samaki watatu wa hapa. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, sehemu kubwa yake huenda viwandani na kusafirishwa ng'ambo. Ngege, yaani sato, huliwa hotelini na majumbani. Omena ndio dagaa, hukaushwa juani na kuuzwa kwa gorogoro. Anayekaanga ngege anamhitaji mnunuzi ambaye bodaboda itamfikia samaki angali moto: Milimani, Nyalenda, Kondele, basi. Mwenye omena mkavu anaweza kupakia gunia kwenye basi likashushwa Mombasa. Kanuni ni moja, ila vitendo vyake ni viwili tofauti kabisa.

Hilo tulilijua kwa hasara. Shemeji alilipia tangazo la samaki wa kukaanga kwa shilingi 1,000, na hakuna kati yetu aliyegusa sehemu ya kuchagua eneo. Tangazo likaenda Kenya nzima. Mioyo ikamiminika, watu wakapiga simu kutoka Garissa na Malindi, na jioni samaki wakarudi nyumbani. "Hawa watu wananipenda lakini hawali samaki?" akaniuliza. Tangu siku hiyo somo langu la matangazo ya kulipia huanza na ramani. Namwonyesha mwanafunzi kidole changu kikiweka alama juu ya Kisumu na kupunguza duara mpaka libaki la kilomita chache. Mambo mengine ya matangazo yatafuata baadaye, na mengi hayamhusu.

Kanuni nyingine ni uthibitisho. Kwa miaka kadhaa sasa masoko ya Kisumu yamekuwa yakipokea ngege wa kugandishwa kutoka China, nao huuzwa rahisi. Mama wa Dunga akiandika tu "samaki freshi wa ziwa", hana tofauti na yeyote, kwa kuwa maneno hayo kila mtu huyaandika. Akipiga video alfajiri, mashua ikitia nanga, samaki wakipimwa, mkono ukifungua shavu na wekundu wake ukaonekana, mnunuzi hujionea mwenyewe.

Hapa sharti niseme jambo ambalo walimu wengi hulikwepa. Ngege wengi siku hizi hufugwa katika vizimba ndani ya ziwa hilo hilo. Ni samaki wazuri, mimi mwenyewe nawala. Lakini kumwita wa kizimba "wa nyavu" ili bei ipande ni udanganyifu, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Nilipolisema hili kwenye video, wanafunzi wawili waliniambia ninawaharibia biashara. Sikulifuta.

Kisha kuna ile amri ya kuweka video kila siku, saa ile ile. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, mavuno hupungua. Tena uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Wavuvi wetu wa bahari wanaohesabu bamvua na maji mafu wataelewa bila kuelezwa. Kwa hiyo ratiba ya muuza omena nimeifunga na mwezi wa angani: siku za giza anaonyesha mali, siku za mbalamwezi anaonyesha namna ya kuosha, kukaanga na kuhifadhi, ili wateja wasimsahau.

Kuhusu video yenyewe ya kufunzia, nilikosea sana mwanzoni. Ya kwanza ilikuwa ya dakika nane, na mchoro wa YouTube unaoonyesha watazamaji wanapoondoka ulinifedhehesha: wengi hawakumaliza dakika ya kwanza, ambayo niliitumia kujitambulisha. Sasa video moja hubeba tendo moja, nayo haizidi dakika mbili. Bando ni pesa, na anayetazama amesimama kando ya karai la mafuta. Naiandaa kwa Kiswahili, na mama mmoja wa ufuoni huirudia kwa Kidholuo. Ndiyo hupendwa zaidi, sina budi kukiri. Naituma kwa WhatsApp ikiwa ndogo, maana huko ndiko waliko, na mara nyingi simu moja hutazamwa na watu watano. Upepo wa ziwa humeza sauti, kwa hiyo nawafunza kuupa upepo mgongo kabla ya kubonyeza.

Kila somo lina kazi ya nyumbani ya siku hiyo hiyo: weka picha tatu zenye bei kwenye WhatsApp Business, au muulize kila mnunuzi wa leo amekujulia wapi, uandike daftarini. Daftari hilo nalithamini kuliko hesabu ya mioyo, kwa sababu unalisoma sambamba na jumbe za M-Pesa za jioni. Ndilo lililotuonyesha kwamba wateja wa shemeji wanatoka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, si kwenye ukurasa tuliohangaika nao miezi minne.

Juma lililopita aliweka video ya sekunde ishirini: mashua, mizani, ngege watano wakubwa, na sauti yake ikitaja saa atakayoanza kukaanga. Nikampigia kumkumbusha kwamba amesahau bei, somo la tatu.

"Sijasahau, shemeji," akasema. "Mashua ya pili haijafika. Ikifika, nitajua niseme ngapi."