Jicho la Kinyonga na Lenzi ya Mbali

Mlima Meru wasimama juu ya mji wa Arusha kwa kimo kinachopita mita 4,500. Chini yake ni migomba na mibuni ya Wameru na Waarusha. Juu ya mashamba ni msitu, na juu ya msitu ni majani makavu na majivu ya volkano. Wageni waliokwenda huko na kamera tangu zamani walitafuta tembo, twiga na mbega. Ni wachache walioinama kumtazama kiumbe anayekwenda polepole juu ya tawi. Hata hivyo, historia ya picha za wanyama katika nchi hiyo ni historia ya mtu kutaka kumkaribia mnyama, na kila njia ya kumkaribia ilikuwa na bei yake, nayo mara nyingi ililipwa na mnyama.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuja Mjerumani Carl Georg Schillings, akazunguka katika nyika za Wamaasai na bonde la mto Pangani pamoja na msafara wa wapagazi. Walibeba kamera nzito, vioo vya kupigia picha na baruti ya kuwasha mwanga usiku. Simba aliyekuja kumla punda aliyefungwa alijipiga picha mwenyewe kwa kukanyaga uzi. Kitabu cha Schillings kilitoka mwaka wa 1905, na jina lake liliutaja mwanga wa picha pamoja na bunduki. Jina hilo lilisema kweli, kwani mtu yule yule aliyetafuta sura ya mnyama alitafuta pia ngozi yake.

Katika mwaka huo huo wa 1905 alifika Msweden Yngve Sjöstedt, aliyefanya kazi katika Kilimanjaro, Meru na nyika zilizo jirani hadi mwaka wa 1906. Yeye hakudharau vidogo. Alirudi kwao na makumi ya maelfu ya wadudu na wanyama, na wataalamu wakaandika vitabu vikubwa juu yao. Elimu hiyo ni ya thamani hata leo. Lakini mdudu aliyechomwa pini huweza kupoteza rangi zake, na hawezi kueleza alivyokaa juu ya jani wala alivyomkimbia adui.

Mwaka wa 1960 eneo la Ngurdoto lilifanywa hifadhi ya taifa. Baadaye maziwa ya Momella yaliongezwa, na mwaka wa 1967 mlima Meru wenyewe ukaingizwa katika hifadhi inayoitwa sasa Arusha. Katika siku hizo hizo ilipigwa filamu ya Hatari!, iliyotolewa mwaka wa 1962, ambayo sehemu yake ilifanyika Arusha na Momella. Humo wanyama walifukuzwa kwa magari na kukamatwa kwa kamba mbele ya kamera. Basi katika nchi moja na wakati mmoja palikuwa na fikira mbili: moja ya kumkaribia mnyama kwa mbio, na nyingine ya kumwacha mahali pake.

Chombo kilichofaa fikira ya pili kilikuwa kimekwisha kubuniwa. Mwaka wa 1891 Dallmeyer wa Uingereza na Miethe wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza lenzi ya kuvutia vitu vya mbali. Siri yake ni sahili: mbele huwekwa vioo vinavyokusanya mwanga, na nyuma vioo vinavyoutawanya. Kwa hiyo taswira hukuzwa bila ya lenzi kurefuka kupita kiasi.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye iligunduliwa kwamba mpango huo ulikuwamo katika jicho la kinyonga. Mwaka wa 1995 Matthias Ott na Frank Schaeffel walionyesha kuwa utando wa mbele wa jicho lake hukusanya mwanga, na lenzi iliyo ndani huutawanya. Kabla ya hapo, mwaka wa 1977, Lindesay Harkness aliweka lenzi mbele ya macho ya vinyonga, na ndimi zao zikakosea shabaha kwa kadiri ya lenzi hizo. Ikajulikana kwamba kinyonga hupima umbali kwa kurekebisha jicho lake mpaka aone vema, ndipo hutupa ulimi. Yeye, basi, ni fundi wa kale wa kazi anayoifanya mpiga picha anapozungusha pete ya lenzi kwa vidole.

Lenzi za kupigia vitu vidogo kwa karibu zilienea katika kamera za filamu ndogo baada ya Kilfitt kutoa yake mwaka wa 1955. Nyingi za mwanzo zilikuwa fupi, na ufupi huo ulikuwa na madhara. Kwa kanuni ya lenzi sahili, ili kitu kionekane kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, lenzi ya milimita 50 yataka kisogezwe hadi sentimita 10. Ya milimita 200 yaridhika na sentimita 40. Tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo tofauti baina ya kinyonga aliyetulia na kinyonga aliyejivimbisha, akageuka rangi na kuanza kukimbia. Ndiyo maana zikatengenezwa lenzi ndefu za karibu, kama ile ya Nikon ya milimita 200 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyorekebishwa kwa mkono tu.

Lenzi hizo zilipitwa na wakati zilipokuja zile zinazojirekebisha zenyewe, zikawekwa makabatini au zikauzwa kwa bei ndogo. Kilichozifufua ni kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani yake, iliyoanza kuenea baada ya mwaka wa 2008. Katika kamera ya zamani ya Nikon, nafasi kutoka mdomo wa kamera hadi filamu ilikuwa milimita 46.5, kwa kuwa kioo kilihitaji mahali pa kuinukia. Katika kamera za Sony zisizo na kioo nafasi hiyo ni milimita 18. Milimita 28.5 zinazobaki huzibwa na adapta, yaani pete tupu, na lenzi ya zamani hufanya kazi kama ilivyofanya siku ya kwanza.

Tena, mpiga picha hupata msaada ambao wazee wake hawakuwa nao. Zamani alipolibana tundu la lenzi, giza liliingia katika dirisha la kutazamia. Sasa dirisha ni la umeme: huongeza mwanga, hukuza sehemu ya taswira, na katika kamera nyingi hupaka rangi kingo zilizo kali. Lakini chombo hakiondoi kazi. Kwa ukubwa halisi, hata tundu likibanwa hadi nane, sehemu inayoonekana kwa ukali ina unene wa kama milimita moja tu. Upepo wa Meru ukitikisa tawi, jicho limetoka na pua imeingia. Hapo hufaa kungoja, kusogea mbele na nyuma kwa pumzi moja, na kupiga upepo unapotua. Subira yavuta heri.

Katika misitu ya Meru na Kilimanjaro yupo kinyonga ambaye dume wake ana pembe mbili bapa puani. Mwaka wa 2006 wataalamu waliliweka kundi lake katika jenasi mpya, wakaiita Kinyongia kwa neno la Kiswahili. Heshima hiyo haikumkinga na mikono ya watu. Wapo wanaomwogopa na kumpiga mawe. Wapo waliomkamata auzwe ng'ambo, mpaka mwaka wa 2016 serikali ya Tanzania ilipokataza kupeleka nje wanyamapori hai. Na wapo wapiga picha wanaomng'oa kwenye tawi lake ili wamweke palipo na mwanga mzuri.

Kwa hawa wa mwisho lenzi ndefu haina udhuru wa kuwapa. Schillings alihitaji baruti na punda. Sjöstedt alihitaji pini. Mwanafunzi wa Arusha mwenye lenzi kuukuu na pete ya adapta ahitaji sentimita 40 na muda wa kutosha, naye aweza kuondoka na sura nzima ya kiumbe huyo na kumwacha mahali alipomkuta.