Moto ule ule

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, baba mmoja alimletea Bwana mwanawe mwenye kifafa, aliyekuwa akianguka mara kwa mara motoni na majini. Sisi hudhani hayo ni mambo ya kale. Lakini mwaka 1959 Dr. Louise Jilek-Aall, mama mzaliwa wa Norway, alipofika Mahenge, katika milima ya kusini ya Tanganyika, aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto ule ule.

Wapogoro wa huko walisadiki kwamba kifafa huambukizwa kwa mate ya mgonjwa. Basi alipewa sahani yake na kibanda chake, akala peke yake. Na alipoanguka jikoni, waliokuwapo waliogopa kumgusa, hata kumtoa motoni. Hawakuwa wakatili. Kila mmoja aliwaza watoto wake mwenyewe.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, ambayo tangu 1912 imejulikana kuwa huzuia kifafa, nayo ni ya bei nafuu. Siku hizi watafiti wanahusisha kifafa cha Mahenge na ugonjwa wa usubi, uletwao na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Kwingine sababu ni malaria kali ya utotoni, uzazi mgumu, au kuumia kichwani. Mate hayamo kabisa.

Nasi tusiwacheke Wapogoro. Kule Uingereza, kwenye shule nyingi na madaktari wengi, sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa ilibadilishwa mwaka 1971 tu!

Shirika la Afya Duniani lahesabu watu kama milioni 50 wenye kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kati yao wote, hata 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangetibiwa ipasavyo. Lakini mtoto huondolewa shuleni, na mama yake huacha shamba ili amlinde karibu na jiko.

Makanisani mwetu twawaombea, nasi twafanya vema. Lakini wako wanaomwambia mgonjwa atupe vidonge vyake, aonyeshe imani. Fenobabitoni ikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza, mshtuko juu ya mshtuko bila kukoma, hata mtu akafa.