Wake wa marais Marekani: Mamlaka bila cheo wala mshahara

KATIBA ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka wa 1789, haimtaji mke wa rais hata mahali pamoja. Hapigiwi kura, haapishwi, haidhinishwi na Seneti wala halipwi mshahara. Hata hivyo, tangu Martha Washington awe wa kwanza kushika nafasi hiyo mwaka huo huo, baadhi ya wanawake hawa wamekuwa na usemi mkubwa serikalini kuliko mawaziri, na swali la nani anayewadhibiti limezuka mara kwa mara.

Mwanzoni kazi yao ilichukuliwa kuwa ni kuwakirimu wageni tu. Lakini karamu nazo zilikuwa siasa. Dolley Madison, ambaye mumewe aliongoza kati ya 1809 na 1817, aliwakutanisha ukumbini wanasiasa wa mirengo iliyohasimiana.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha Edith Wilson. Oktoba 2, 1919, Rais Woodrow Wilson alipatwa na kiharusi kilichompoozesha upande wa kushoto. Umma haukuambiwa ukweli. Kwa miezi kadhaa, mawaziri na maseneta waliotaka kumwona walikomea kwa Edith. Nyaraka zilipitia mikononi mwake, naye akachagua zipi zimfikie mgonjwa na zipi zingoje. Wakati huo Seneti ilikuwa ikijadili Mkataba wa Versailles, ambao hatimaye iliukataa. Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Robert Lansing, aliyekuwa akiitisha vikao vya mawaziri bila rais, alilazimika kujiuzulu Februari 1920. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka wa 1939, Edith alishikilia kwamba hakuwahi kuamua jambo lolote la serikali, ila tu lipi lilikuwa muhimu na lini liwasilishwe kwa mumewe. Utetezi huo hauna nguvu: anayeamua rais asome nini ameshaamua mengi. Ni mwaka wa 1967 tu ambapo marekebisho ya 25 ya Katiba yaliweka utaratibu kamili wa makamu wa rais kushika usukani rais anapolemewa na maradhi.

Eleanor Roosevelt, aliyekaa Ikulu ya White House kuanzia 1933 hadi 1945, yeye alifanya mambo yake peupe. Siku mbili baada ya mumewe kuapishwa alifanya kikao na wanahabari, akawaalika wanawake pekee. Hata hivyo, alipopewa wadhifa rasmi mwaka wa 1941, wa naibu mkurugenzi wa afisi ya ulinzi wa raia, lawama za wabunge zilimfanya aung'atuke Februari mwaka uliofuata.

Sheria ilikuja kwa kuchelewa, tena kwa mafungu. Ile ya 1967 iliwazuia maafisa wa serikali, rais akiwemo, kuwapa jamaa zao kazi. Nyingine ya 1978 ikamruhusu mke wa rais kuwa na wafanyakazi wanaolipwa na serikali anapomsaidia mumewe kutekeleza majukumu yake. Mvutano ulifika mahakamani mwaka wa 1993, Bill Clinton alipomteua mkewe, Hillary, kuongoza jopo la kurekebisha huduma za afya. Madaktari walishtaki wakidai kwamba kwa kuwa Hillary hakuwa afisa wa serikali, vikao vya jopo hilo vilipaswa kuwa wazi kwa umma. Mahakama ya rufaa iliamua kwamba angeweza kuhesabiwa kuwa afisa. Ajabu ni kwamba uamuzi uliompa hadhi hiyo ndio uliomwezesha kufunga milango. Mpango wenyewe ulikufa katika Bunge la Congress mwaka wa 1994.

Wengine wamepata nafasi katika safari za nje. Rosalynn Carter alitumwa Amerika ya Kusini na Kati mwaka wa 1977 kuzungumza na viongozi wa nchi saba, na Kenya yenyewe ilimpokea Melania Trump Oktoba 2018, kisha Jill Biden Februari 2023. Jill, mwalimu kwa taaluma, aliendelea kufundisha katika chuo kimoja cha Virginia mumewe alipokuwa rais kati ya 2021 na 2025. Chuo kilimlipa mshahara. Kazi ya Ikulu aliifanya bure.